Barua Iliyosomwa Nusu: Waha, Mkonge na Shule

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkebe wa bati aliouficha chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya maharage. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi za enzi ya mkoloni, cheti chake cha kisomo, na barua moja iliyokunjwa mara nne. Mwaka 1993, Babu akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, aliniita nyuma ya nyumba, akanipa ile barua, akaniambia, “Wewe unasoma shule. Nisomee hii. Na usimwambie mama yako.”

Nilikuwa darasa la tatu, shule ya kijiji kimoja nje ya mji wa Kasulu. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kuunganisha, wino umefifia. Ilitoka Tanga, ikiwa na tarehe ya mwaka 1956. Mwandishi alikuwa mume wa kwanza wa Bibi, mtu ambaye hadi siku hiyo mimi sikujua kama aliwahi kuwapo. Nilisoma kwa shida, neno moja moja, nikimgeuzia kwa Kiha. Salamu. Afya. Kazi ni ngumu. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba amempa mwenzake anayerudi nyumbani shilingi 40 na kitenge, amletee mkewe, na kwamba mkataba ukiisha atarudi.

Bibi akaniambia, “Rudia hapo kwenye hela.”

Nikarudia. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno moja tu: “Kumbe.”

Barua hiyo ilishasomwa kabla yangu, mwaka ule ule ilipofika. Ilisomwa na mwalimu wa dini wa kijiji, mtu pekee wa pale aliyejua kusoma. Yeye alimsomea Bibi salamu, afya na ugumu wa kazi. Sehemu ya hela na ya kurudi haikusomwa. Bibi akajua ametelekezwa. Kaka zake wakakaa kikao, mahari ikarudishwa, akaolewa na mtu mwingine, ambaye ndiye babu yangu. Sasa hebu fikiria, ndugu msomaji: kama barua ile ingesomwa yote, mama yangu asingezaliwa, na wala mimi nisingekuwapo kuandika haya.

Nimeibeba habari hii miaka mingi bila kujua niifanyie nini. Lakini kila ninapomsikia mtu akisema, kwa utani au kwa dharau, kwamba “Waha hawakupenda shule”, namkumbuka Bibi na barua yake. Swali la kuuliza ni hili: hiyo shule ilikuwa wapi?

Buha ni nchi ya vilima. Ukitoka Kigoma mjini unapanda, joto la ziwa unaliacha nyuma, migazi inapungua na migomba inaongezeka, mpaka unafika Kasulu. Ukiendelea kaskazini unafika Kibondo, halafu Kakonko. Kabla ya wageni, nchi hii iligawanyika katika falme ndogo, kila moja na Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kule Kakonko, na nyinginezo. Watu hawakuishi katika vijiji vilivyobanana. Kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, nyumba hapa, nyumba kule, shamba na ng'ombe katikati. Mtoto alijifunza kwa wakubwa wake: kuchunga, kulima, kusalimia kwa adabu. Na salamu ya Muha, wanaoijua wanajua, si jambo la haraka. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za kila mtu mpaka ziishe.

Wamisionari walifika mapema kwenye ukanda wa ziwa. Mapadri Weupe walikuwa Ujiji tangu 1879. Lakini huku milimani shule zilichelewa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilivuruga hata kile kidogo kilichokuwa kimeanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalichukua Kigoma, na nchi ikakaa mikononi mwao mpaka 1921 ilipokabidhiwa kwa Waingereza.

Waingereza walikuja na mpango wao. Mwaka 1925 walifungua shule ya serikali Tabora, ambayo mwanzoni ililenga hasa watoto wa watawala. Mwaka 1927 wakatunga sheria ya elimu iliyotoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti ya serikali. Shule zisizotimiza hazikupata kitu. Na shule nyingi za vijijini hazikutimiza. Zilikuwa vibanda vya nyasi ambamo mwalimu wa dini alifundisha katekisimu, kusoma kidogo na kuandika kidogo. Mara nyingi mwalimu mwenyewe alikuwa amesoma miaka miwili au mitatu tu. Yule aliyemsomea Bibi barua alitoka katika darasa la namna hiyo.

Kwa nini serikali haikujali zaidi? Hapa ndipo lazima tuzungumzie mkonge. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na mikono ikatafutwa mahali ambapo watu hawakuwa na njia nyingine ya kupata hela. Buha ilikuwa mahali hapo. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, zao la biashara lenye faida halikuwa limesukumwa kwa nguvu, na reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Mwanamume alishuka mlima, akaandikishwa, akapewa namba, akapakiwa kwenye behewa. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na jina hilo wazee wa Kasulu na Kibondo wanalikumbuka mpaka kesho.

Kwa mtazamo wa mwenye shamba, kijana wa Kiha hakuhitaji kusoma ili akate mkonge. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza sehemu yake iliwekewa alama. Asiyejua kusoma hakuweza kuhakikisha kama alama zake zimewekwa zote. Kwa hiyo kule Tanga mume alitegemea macho ya nyapara, na huku Kasulu mke alitegemea macho ya mwalimu wa dini. Hata barua yenyewe sidhani kama aliiandika kwa mkono wake. Nadhani alimtajia mwandishi wa pale kambini, kwa Kiswahili alichojifunza hukohuko shambani, lugha ambayo mkewe hakuijua. Maneno ya mtu na mkewe yalipita kwa watu wawili na lugha mbili kabla ya kufika. Ajabu ni kwamba yalifika hata hiyo nusu.

Wakati wanaume wakiondoka, waliobaki nao walikuwa wakihamishwa. Kuanzia 1933 serikali ilianza kuwaondoa watu kwenye maeneo ya Buha yenye mbung'o na ugonjwa wa malale, ikawakusanya katika makazi ya pamoja ili pori lisafishwe na wagonjwa wapatikane kwa urahisi. Malale ilikuwa ikiua kweli, wala sitaki kusema uhamisho ule ulikuwa uonevu mtupu. Lakini ona mpangilio wake: watu walikusanywa kwa sababu ya mdudu, kama walivyokusanywa kwa sababu ya mkonge. Kukusanywa kwa ajili ya kusoma kulichelewa miaka mingine arobaini.

Mwaka 1946 Heru ikapata Mwami mwanamke, Theresa Ntare, ambaye baadaye aliingia mpaka kwenye siasa za kitaifa wakati nchi ikielekea uhuru. Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alisema walimwona akipita, na wasichana wa kilima chao wakaanza kucheza mchezo wa “Mwami”, kila mmoja akitaka kuwa yeye. Nilimuuliza kama kumwona mwanamke akitawala kuliwafanya wazazi wapeleke wasichana shule. Alicheka. “Mwami ni Mwami,” akasema. “Sisi tulikuwa watu wa jembe.”

Wakati wa uhuru, mwaka 1961, watoto waliokuwa shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa kama 486,000 tu. Wengi wao walitoka sehemu zile zile zinazojulikana: Kilimanjaro, Bukoba, Unyakyusa, mahali ambapo kahawa ililipa ada na misheni zilishindana kujenga. Buha haikuwa kwenye orodha hiyo. Na hata aliyebahatika kuingia darasa la kwanza alikutana na mchujo darasa la nne, ambapo wengi waliishia.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na amri. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mmojawapo wa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa vijijini kwa nguvu ya serikali. Ukoo wa Bibi ukashushwa kutoka kwenye kilima chao mpaka kando ya barabara. Mama yangu alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka lori, anakumbuka kuku waliopotea, anakumbuka babu yake aliyekataa kupanda lori akatembea kwa miguu nyuma yake, kwa hasira, njia nzima. Migomba waliiacha. Makaburi waliyaacha.

Na hukohuko kando ya barabara, shule ikajengwa. Wanakijiji wenyewe walifyatua tofali.

Hapa ndipo historia yetu inaponipa shida ya kuhukumu. Nimesoma kuhusu Wahimba, wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Namibia. Kule, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kumekuwa na shule ya kuhamahama inayoitwa Ondao, madarasa ya mahema yanayowekwa karibu na wafugaji walipo. Shule inawafuata watoto. Kwetu ilikuwa kinyume: watoto, wazazi, kuku na wazee wenye hasira ndio waliopelekwa kuifuata shule. Ni rahisi leo kusema njia ya mahema ni ya kiungwana zaidi. Lakini mwalimu mmoja, katika nchi yenye walimu wachache na barabara chache, angepanda vilima vingapi kwa siku? Mimi sina jibu. Ninachojua ni kwamba mama yangu anajua kusoma, na kwamba babu yake mpaka anakufa hakumsamehe mtu kwa kile kilima.

Novemba 1974, mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Ndiyo UPE. Idadi ya wanafunzi wa msingi nchini ikaruka kutoka milioni moja na laki mbili hivi mwaka 1974 hadi karibu milioni tatu mwaka 1978. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakiifanya: wanasoma kwa posta na redio, wanafundisha mchana. Watu waliwacheka, wakawaita “walimu wa UPE” kwa kejeli. Mama alifundishwa na mmoja wao, kijana wa miaka kumi na minane, viatu vyake vimetoboka. Mama anasema hajawahi kumcheka.

Lakini nisiifanye hadithi kuwa nyepesi. Mama alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, na sehemu ya lawama ni ya Bibi. Waandikishaji walipokuja mara ya kwanza, Bibi alimficha shambani. Alihitaji mtu wa kulea mdogo wake na kupalilia maharage. Walipokuja mara ya pili walikuwa na balozi wa nyumba kumi, akashindwa kumficha. Nilipomuuliza Bibi kwa nini yeye, aliyeumizwa na kutojua kusoma, alimficha binti yake, alinijibu kwamba wakati ule hakujua kama ameumizwa. Alijua ameachwa na mume tu. Jibu hilo nimelitafakari sana. Asiyesoma hajui kilichoandikwa kwenye karatasi, na kwa hiyo hajui alichokosa. Sasa atadai vipi kitu asichojua kuwa alinyimwa?

Yeye mwenyewe alisoma kisomo. Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada ya kuhamishiwa kijijini Bibi akawa mmoja wa “ngumbaru” waliokaa chini ya mwembe jioni, na mtoto mgongoni. Alijifunza kuandika jina lake, kusoma bei dukani, kusoma maneno mafupi ya kitabu. Akapata cheti. Siku moja, akiwa peke yake, alitoa ile barua akajaribu. Alishindwa. Kisomo kilimfundisha herufi za chapa. Barua ilikuwa ya mwandiko wa mkono, tena kwa Kiswahili kirefu kuliko alichokijua. Mama angeweza kumsomea kuanzia miaka ya mwisho ya sabini, lakini ungempaje binti barua ya mwanamume mwingine, na baba yake amekaa pale uani? Akasubiri. Alisubiri mpaka Babu akafariki na mjukuu akafika darasa la tatu. Ni miaka 37 tangu barua iandikwe.

Mwaka huohuo wa 1993, mwezi wa Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Kambi zikafunguliwa: Mtendeli, Kanembwa, Nduta upande wa Kibondo, Muyovozi na Mtabila upande wa Kasulu, na mwaka 1996 Nyarugusu, kwa Wakongo waliokimbia vita vya kwao. Sisi watoto wa Kiha tuliwaelewa Warundi bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Sokoni tulibishana bei vizuri tu. Lakini darasani kila mmoja alikwenda kwake. Sera ilikuwa kwamba wakimbizi watarudi nyumbani, kwa hiyo watoto wao wafundishwe kwa mtaala wa kwao: Warundi kwa Kirundi na Kifaransa, Wakongo kwa Kifaransa. Sisi tulisoma kwa Kiswahili, na waliofaulu kwenda sekondari wakakutana na Kiingereza. Watoto wanaoelewana wakicheza mpira walikuwa wakitayarishwa kwa mitihani ya nchi tatu tofauti, kwenye ardhi ile ile ya Mwami.

Na wapo waliokulia kambini kabisa, wakazaliwa hapo, wakamaliza shule hapo, wakiwa na vyeti vya nchi ambayo hawajawahi kuiona. Sisemi sera ile haikuwa na sababu. Waliorudi Burundi bila shaka ilisaidia kwamba walijua Kirundi cha vitabuni. Ila nilipokuwa mkubwa nikaona kwamba hili si jambo jipya Buha. Mkusanyiko mwingine wa watu waliohamishwa, na wengine wakiamua mahali gani ujuzi wao utatumika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mawimbi. Michango iliyorudishwa miaka ya themanini iliwatoa wengi darasani. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa 2001 wakarudi kwa wingi, chini ya mpango wa MMEM. Kuanzia 2004 zikaja shule za kata, ambazo zilianza na madarasa bila maabara na mara nyingine bila mwalimu wa hisabati, lakini zilimwezesha msichana wa Kibondo kusoma sekondari na jioni akarudi kulala kwao. Mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Mtu anaweza kuzicheka shule za kata kama walivyocheka walimu wa UPE. Mimi nimeshajifunza kutocheka.

Bibi alifariki miaka kadhaa iliyopita. Kabla hajafa nilimuuliza tena kuhusu yule mwalimu wa dini. Je, alizila zile hela? Alikuwa na njama na aliyezibeba? Bibi alikuwa amelifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko mimi. Akasema, “Labda na yeye hakujua kusoma vizuri. Alisoma alipoweza, palipomshinda akaruka. Angesema vipi mbele ya watu kwamba pamemshinda?”

Sijui kama aliamini hivyo au alichagua kuamini hivyo. Lakini kwa yote niliyosoma kuhusu vile vibanda vya nyasi, linaweza kuwa kweli. Huenda hapakuwa na mwizi. Huenda palikuwa na mtu aliyesoma miaka miwili, akawekwa kuwa macho ya kijiji kizima.

Barua sasa ninayo mimi. Likizo iliyopita nilimpa binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili shule ya kata, nikamwambia aisome. Aliisoma yote, haraka, mpaka mwisho, na ule mwandiko haukumsumbua. Alipofika mahali mume wa Bibi anaposema bado vipande viwili ndipo arudi, akainua kichwa.

“Mama mdogo, vipande vya nini?”

Hakuwahi kuambiwa, si shuleni wala nyumbani. Tukakaa mpaka giza likaingia, nikimweleza habari za namba, behewa, kadi ya siku 30 na SILABU. Kama na kwenu kuna mkebe chini ya kitanda, ufungueni wakati mwenyewe bado yupo.